Tumbo Linapouma, Usisingizie Usonji

Watoto wenye usonji husumbuliwa na tumbo kuliko wenzao. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta uwezekano wao wa kupata matatizo ya tumbo, kama kukosa choo, kuharisha au maumivu, ni zaidi ya mara 4 ya watoto wengine. Hilo halina ubishi. Ubishi huanza pale mtu anapodai kuwa tumbo ndilo lililoleta usonji, na kwamba bakteria wa utumboni wakirekebishwa mtoto atapona. Madai hayo yametangulia mbele ya ushahidi, na anayeumia ni mtoto: anapewa tiba isiyothibitishwa, huku maumivu yake halisi yakiachwa bila matibabu.

Nadharia yenyewe si ya kupuuzwa. Bakteria wa utumbo mpana huchachua nyuzinyuzi za chakula ambazo mwili hauwezi kuzimeng'enya, na kemikali wanazotoa huingia kwenye damu na kushiriki umetaboli wa mwili mzima. Tangu mwaka 1961 inajulikana pia kuwa baadhi ya watoto wenye usonji wana serotonini, kemikali inayobeba ujumbe wa neva, nyingi kwenye damu, na sehemu kubwa ya serotonini ya mwili hutengenezwa utumboni. Mwaka 2013 wanasayansi wa chuo cha Caltech, Marekani, waliwapa bakteria aitwaye Bacteroides fragilis panya ambao kinga ya mama zao ilichokozwa wakati wa mimba, na baadhi ya tabia za panya hao zikabadilika. Ni kazi nzuri. Lakini panya hana usonji. Ana tabia chache tu, kama kufukia gololi tena na tena, ambazo watafiti huzilinganisha na dalili za binadamu.

Kwa watoto wenyewe, swali ni lipi lilitangulia: usonji au mabadiliko ya bakteria. Wengi wao huchagua chakula kwa ukali: wali mkavu usioguswa na mchuzi, chipsi, biskuti za aina ileile kila siku. Mchicha unaoteleza au embe lenye nyuzi hutemwa papo hapo, si kwa utundu, bali kwa sababu ulimi wao unahisi kwa namna nyingine. Mwaka 2021 watafiti wa Australia walichunguza vinyesi vya watoto 247, wakiwamo 99 wenye usonji, na kukuta kwamba usonji wenyewe hauhusiani na bakteria ila kwa kiasi kidogo mno. Kilichoonekana ni mlo finyu kwenda pamoja na uchache wa aina za bakteria. Nguvu hiyo ya chakula imeonekana Tanzania pia, kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi: utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha baadhi ya bakteria wao wakipungua sana msimu mmoja na kurudi mwingine, kadiri nyama ya kiangazi inavyopisha asali na matunda ya masika. Kwa hiyo maelezo yenye uzito zaidi kwa sasa ni kwamba usonji hubana mlo, na mlo hubadili bakteria.

Mtu atauliza: mbona kuna watoto waliopata nafuu? Kweli, mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kiliripoti watoto 18 waliopewa bakteria kutoka vinyesi vya watu wenye afya; matumbo yao yalitulia na tabia zikawa afadhali, hata miaka miwili baadaye. Ila hakukuwa na kundi la kulinganisha lililopewa dawa bandia, na wazazi waliotoa alama walijua mtoto amepewa nini. Wazazi wengine huona mabadiliko wanapoondoa ngano na maziwa. Hatuwaiti waongo: mtoto aliyeondokewa na maumivu hulala vizuri na kusikiliza vizuri, na hilo halihitaji usonji wake uwe umeguswa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, ambamo watoto 14 walirudishiwa ngano au maziwa bila wao wala wazazi kujua, halikuona tofauti yoyote. Kumwondolea vyakula hivyo mtoto ambaye tayari anakula vitu vitano tu ni kumkaribisha utapiamlo.

Na kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa mwenye kinga dhaifu aliyepandikiziwa kinyesi chenye bakteria sugu kwa dawa. Mwaka huohuo ilionya dhidi ya maji ya klorini dioksaidi, yanayouzwa kama tiba ya usonji. Hiyo ni kemikali ya kupausha vitu, na haifai kunywewa wala kupitishwa njia ya haja kubwa. Antibayotiki za kujinunulia dukani nazo ziachwe.

Mtoto asiyeweza kusema "tumbo linauma" husema kwa mwili: hukandamiza tumbo kwenye ukingo wa meza, hujiuma mkono, huamka usiku akilia, hukaa siku kadhaa bila choo. Akiwa hivyo, mpeleke kituo cha afya na mwombe mhudumu achunguze tumbo kwanza. Choo kigumu kina dawa zake salama, na maji ya kutosha husaidia. Chakula kipya kiongezwe kidogo kidogo, kando ya kile anachokipenda, bila kumlazimisha. Damu kwenye choo, kutapika mfululizo au kupungua uzito havisubiri miadi ya kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.