ZIWA SI BAHARI

Likizo ya Desemba ikifika, jamaa wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu huwachukua watoto wao kwenda kuwazuru ndugu walioko bara. Wako wenye jamaa Homa Bay, na Kendu Bay, na Migori, miji ambayo Waislamu wamekaa tangu siku nyingi kwa biashara na kazi. Watoto wakisha kufika huko, haja yao ya kwanza ni kuliona ziwa na kuchezea maji. Basi tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili, kwani mtu wa pwani huenda na ilimu ya bahari, na ilimu hiyo haimtoshi mbele ya ziwa.

Wako wazee wasemao kwamba kuwatembeza watoto ni upuuzi na kutupa fedha. Maneno haya hatuyakubali. Mtume s.a.w. alirefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alimpanda mgongoni, akachukia kumharakisha kabla hajatosheka na mchezo wake; na alikuwa akimuuliza mtoto Abu Umayr habari za kidege chake. Ama ile kauli mashuhuri ya kuwafunza watoto kuogelea, isnadi zake kwa Mtume ni dhaifu, na wengi huinasibisha na Sayyidna Umar. Lakini manufaa yake hayamfichiki mtu akaaye kando ya maji.

Tuje kwenye ziwa lenyewe. Mzazi hulitazama akaona maji yametulia, hayana chumvi, na watoto wa hapo wanaoga. Naye akawaruhusu wake. Hapo ndipo penye hatari. Sisi wa pwani twakijua kichocho cha kukojoa damu, kipatikanacho katika vidimbwi na mito ya Kwale na Tana. Baharini hakipatikani, kwa kuwa konokono anayekibeba haishi katika maji ya chumvi. Kwa hivyo mtoto wetu aogelea mwaka mzima asidhurike, na mzazi hufikiri maji yote ni hayo. Ziwa Victoria lina kichocho cha namna nyingine, ambacho hushika matumbo na ini. Mgonjwa huenda haja kandoni mwa maji, mayai ya minyoo yakaanguliwa humo, vijidudu vikaingia katika konokono, kisha vikatoka kwa maelfu, hasa jua linapokuwa kali. Vijidudu hivyo hupenya ngozi ya mtu kwa muda wa dakika chache tu, wala havihitaji jeraha. Haimlazimu mtoto kunywa maji wala kuzama. Kusimama hadi magotini kwatosha. Na wale watoto wa hapo tuwaonao wakioga, wengi wamekwisha kupata ugonjwa huo, nao si dalili ya usalama.

Zaidi ya hayo kuna viboko na mamba, na kuna vina vya ghafula. Nasi tumesikia wenye kusema kwamba mtoto aliyezama amechukuliwa na jini wa ziwa, na wengine humfunga mtoto hirizi kabla ya kumpeleka. Hirizi haimzuii mamba, wala haimwelezi mtoto kina kiko wapi. Aliyezama, mara nyingi alizama mzazi wake akiwa karibu, macho yake yamo katika simu.

Je, tuwanyime watoto maji? La. Mjini Homa Bay yako mahoteli yenye mabirika ya kuogelea yatiwayo klorini, na maji hayo hayana kichocho, ila mtu mzima asiondoke ukingoni. Katika miji ya Ulaya na Marekani husifiwa viwanja ambavyo maji hurushwa kutoka sakafuni yakaenda zake bila ya kusimama. Sisi twasema mpira wa maji katika ua wa nyumba hufanya kazi ile ile, kwa gharama ya maji tu. Hata maji ya ziwa, yakiwekwa katika pipa siku mbili bila ya konokono ndani yake, vijidudu vile hufa.

Na matembezi si maji peke yake. Katika bonde la Lambwe iko mbuga ya Ruma, iliyofanywa mbuga ya taifa mwaka 1983, na ndiyo kimbilio la mwisho katika Kenya la yule swala mkubwa aitwaye korongo. Huko watoto wasishuke garini ovyo, na vioo vifungwe, kwani mbung'o wangaliko, nao hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Wenye mabuibui wazingatie! Upande wa Migori iko Thimlich Ohinga, boma la mawe lililoingizwa mwaka 2018 katika urathi wa dunia. Mtoto aliyeziona kuta za Gede, za matumbawe na chokaa, ataajabu kuona mawe yamepangwa hivi hivi, bila ya chokaa wala udongo, na kuta zimesimama karne kwa karne.

Ama aliyekwisha kuwatia watoto wake ziwani, asingoje waugue. Aende nao kwa daktari baada ya wiki sita au zaidi, amwambie wazi kwamba walioga Ziwa Victoria, kwani daktari wa pwani asipoambiwa huenda akapima mkojo peke yake, na kichocho cha huko hutafutwa katika choo. Dawa yake ni prazikwanteli, nayo hupimwa kwa uzito wa mtoto.