Dondoo muhimu: Tehama ya afya, wewe unafaa wapi?

Usianze na mshahara. Anza na kazi ambayo huichoki hata saa kumi jioni.

Unapenda tarakimu? Nenda kwenye takwimu. Tanzania na Kenya hukusanya ripoti za vituo kwa DHIS2, programu inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kazi yenyewe iko hivi: zahanati imeripoti watoto 40 waliochanjwa surua, na mwezi uliopita walikuwa 4. Unashtuka, unampigia mganga mfawidhi, mnapitia rejista ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya Tanzania) mstari kwa mstari hadi sifuri iliyozidi ionekane. Asiyeshtuka, kazi hii si yake.

Muuguzi mwenye subira anafaa kuwafunza wenzake mfumo mpya. Yeye anaijua foleni ya asubuhi. Waandishi wa programu wengi hawaijui, na inaonekana.

Unaandika programu? OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa iliyotumika mapema Eldoret, Kenya, ni huria: chungulia msimbo wake bure kabla ya kulipia kozi.

Mpenda sheria, faragha ya wagonjwa inakusubiri. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, Tanzania 2022.

Ukisitasita, omba kujitolea wiki moja masijala ya hospitali kabla ya kulipa ada ya chuo.