Somo la Makanika: Mpira wa Kardani

Leo tunajifunza juu ya mpira wenye mikunjo unaofunika kiungo cha kardani, ule mafundi wanaita sufle. Kazi yake ni mbili: kushika grisi ndani, na kukataza vumbi na maji kuingia. Ukipasuka, grisi inarukia upande wa ndani wa gurudumu, na mchanga unasaga chuma sawa jiwe la kunolea.

Kwanza tugeuze usukani mpaka mwisho, gari itembee polepole. Tukisikia ka-ka-ka, kiungo kimekwisha kulika. Mpira mpya hautakiponyesha.

Namna ya kubadilisha:

1. Tulegeze ekru ya kati gari ikiwa chini. Halafu tuiinue na kuisimamisha juu ya miguu imara ya chuma. Kriki peke yake inaua.

2. Tutoe gurudumu na kardani, tukate mpira wa zamani, tuchomoe kiungo.

3. Tuoshe grisi yote ya zamani kwa petroli, tukaushe kabisa. Gololi zikiwa na mashimo, tutafute kiungo kipya.

4. Tuvalishe mpira kwanza, kisha kiungo. Tutie grisi nyeusi ya kardani, si grisi yoyote.

5. Tukaze kolie kubwa, tutoe hewa, njo tukaze ile ndogo.

Mipira ya viungo vya usukani nayo tuiangalie siku ile ile. Mpira ni bei kidogo, kiungo ni bei kali: anayengojea kelele amekwisha kuchelewa.

Ulizo: Sababu gani hatuchanganyi grisi ya zamani na mpya?