"Utanitambua!": vidokezo kwa walio nyuma ya dirisha

Ofisa ardhi wa halmashauri, mtendaji wa kata, muuguzi wa mapokezi, karani wa mahakama ya mwanzo: wote hawa hupokea watu waliokwisha kuzungushwa kwingine. Mara nyingi hasira huishia kwenye kelele. Siku isipoishia hapo, fanya hivi.

1. Pambanua ukali na tishio. "Nitakushtaki", "naenda kwa Mkuu wa Wilaya", "TAKUKURU watakujua": hayo si vitisho, ni haki ya mwananchi. Mwelekeze hata pa kupeleka barua. Tishio hugusa mwili wako, mali yako au watu wako, na si lazima lije na matusi. Mtu anayekwambia kwa upole, "Najua unashukia kituo gani jioni," ni wa kuogopwa kuliko anayekutukana mpaka sauti inamkauka.

2. Geuza meza yako leo. Ofisi nyingi zimepangwa mteja akiwa kati ya mtumishi na mlango. Nani alibuni mpangilio huu sijui, lakini alikuwa hapokei wateja. Kaa karibu na mlango. Mkasi, kisu cha karatasi na chupa ya chai ya moto visikae mbele ya mgeni. Kubalianeni na mlinzi neno la siri. Kuagiza faili ambalo halipo masjala kunatosha.

3. Wakati wenyewe, usishindane. Shusha sauti, usimguse, usimrekodi huku umemwelekezea simu usoni. Akikuzidi, toka. Dirisha lililofungwa kwa nusu saa halijawahi kuua mtu.

4. Andika maneno yenyewe. Hapa ndipo kesi nyingi hufia. Taarifa inasema "mteja alitumia lugha ya vitisho", na mpelelezi akiisoma hana cha kushika. Andika alivyosema: "Wewe Ijumaa hufiki." Kama alisema kwa Kisukuma, andika kwa Kisukuma, kisha Kiswahili chini yake. Weka saa, mavazi, namba ya faili alilofuata, na alikuwa amesimama wapi. Andika siku hiyohiyo, kabla wenzako hawajakusimulia tukio lako wakaliongezea chumvi. Tena mwahi shahidi: aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni ndiye aliyesikia vizuri, na baada ya dakika chache atakuwa ameshapanda bodaboda. Omba jina na namba yake ya simu.

5. Barua kwa mkuu, RB kutoka polisi. Vyote viwili. Kutishia kuua kwa maneno ni kosa chini ya kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu. Huhitaji kusubiri upigwe ndipo uaminiwe. Utasikia, "Tuyamalize humuhumu, tusiichafue ofisi." Mjibu kwa heshima kwamba ofisi ndiyo iliyotishiwa, wewe ulikuwa zamu tu. Kwa sababu hiyo mtumishi asiende kituoni peke yake kwa nauli yake. Aende na mwenzake na barua ya mwajiri. Namba ya RB iingie kwenye faili. Ukiwa umeumizwa, chukua PF3 (jeraha likiwa kubwa, hospitali kwanza, fomu itafuata), na mwajiri aujulishe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa maana umeumia kazini.

6. Tishio la simu usilifute wala kulijibu. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba na saa, lakini tunza na simu yenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Na tafadhali, usilitupie kwenye kundi la WhatsApp la idara. Kabla ya saa ya chai mtuhumiwa atakuwa ameshalisoma.

7. "Nitakusomea albadiri." Wenzako watacheka, kisha watakukwepa kimyakimya. Usicheke nao. Kumtishia mtu kwa uchawi ni kosa lenye sheria yake, Sheria ya Uchawi, Sura ya 18. Albadiri si uchawi, msomaji atanikosoa, na ni kweli. Ila aliyekutajia kisomo au mganga amekwambia wazi kwamba anakutakia madhara. Andika kama ulivyoandika namba 4, na uachie polisi waamue linaangukia wapi.

8. Anayekutishia akiwa mkubwa. "Nitakuhamisha hadi mpakani." Huyu hapazi sauti, anapiga simu. Dawa yake ni dokezo sabili: "Leo saa 5 asubuhi nimeelekezwa na fulani kufanya hivi, naomba mwongozo." Likiwa ndani ya faili, wengi huanza kusema kwamba walieleweka vibaya. Mwone pia kiongozi wa tawi la chama chenu, TALGWU au TUGHE, kabla barua ya uhamisho haijafika.

9. Kwa wakuu wa idara. Kama Mkataba wa Huduma kwa Mteja ukutani unaahidi siku 7 na hati inatoka mwezi wa nne, wanaotukanwa ni vijana wa dirishani, si ninyi. Bandikeni tangazo asubuhi mtandao unapokatika. Watu wasikae juani hadi saa 8 ndipo waambiwe warudi kesho. Aliyetishiwa asirudishwe dirisha lilelile kesho yake. Na aliyetishia, polisi wakiwa naye au la, faili lake lishughulikiwe na ofisa mwingine, mlinzi akiwa karibu: kiwanja alichokilipia bado ni chake.