Dondoo muhimu: Unapoomba udaktari kwa mara ya pili

Usirudishe maombi yaleyale ukitumaini bahati. Fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wa mwaka huu, tafuta Shahada ya Udaktari wa Tiba chuo kwa chuo, kisha linganisha vigezo na alama zako za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kufikisha kigezo cha chini hakukuhakikishii nafasi. Vyuo kama Muhimbili (MUHAS) vina waombaji wengi kuliko nafasi, na ufaulu ndio unaoamua.

Kama kuna somo lililokuangusha, jisajili Baraza la Mitihani (NECTA) kama mtahiniwa wa kujitegemea ulirudie. Usisome nadharia peke yake. Kwenye vitendo vya Kemia, alama hupotea kirahisi kwa kusoma bureti jicho likiwa juu ya usawa wa kimiminika. Tafuta maabara yenye mwalimu wa kukusahihisha.

Stashahada ya utabibu nayo ni njia halali, japo ndefu. Tabibu mwenye ufaulu mzuri anaweza kuomba shahada ya udaktari. Kwangu mimi, ni bora kuliko kukaa nyumbani mwaka mzima.

Omba mapema, awamu ya kwanza, vyuo zaidi ya kimoja. Ukichaguliwa kwingi, thibitisha kimoja kabla dirisha halijafungwa. Asiyethibitisha hupoteza nafasi.