Televisheni: Baba na Mama Wapatane Kwanza

Katika nyumba zetu za Nyeri, Karatina na Nanyuki, mara nyingi mama huzima televisheni ili watoto wafanye kazi ya shule. Baba akifika, huiwasha apate habari. Watoto hujua upesi ni nani wa kuombwa. Hapo shida si televisheni tena, bali ni mapatano ya ndoa.

Mwaka 1994, Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa ujumbe juu ya televisheni na familia. Aliwataka wazazi wajue mapema yaliyomo katika vipindi, wawawekee watoto kiasi, na mara nyingine waizime kabisa. Nalo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza miaka 2 asikalishwe mbele ya televisheni. Wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku.

Basi, watoto wakiisha kulala, ketini wawili mchague vipindi na saa. Sheria hiyo iwafunge nanyi pia: wakati wa chakula na sala, hata habari za baba zingoje.

Swali la kujadiliana: Kwetu, ni nani huvunja neno la mwenzake mbele ya watoto?