Mseto, Samli na Manjano Kwenye Baridi ya Tukuyu

Wiki ya kwanza nilipofika Tukuyu, chupa yangu ya mafuta ya nazi iliganda ikawa kama mshumaa. Nikajua nimeuziwa feki. Kumbe mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na hapa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ubavuni mwa Mlima Rungwe. Mwezi wa sita na wa saba ndiyo usiseme.

Nimekulia Tanga, ukuta kwa ukuta na familia ya Kigujarati. Bibi wa nyumba ile tulimwita Ba, kama wajukuu zake, na jikoni kwake ndiko nilikojua kupika. Nilipohamishiwa huku kufundisha nilibeba mfuko mzima wa viungo, utadhani nakwenda jangwani. Nusu yake ningeiacha. Ba alikuwa hachoki kulalamikia maziwa ya Tanga kwamba ni maji. Angeyaona ya Rungwe angehama na sufuria zake.

Basi nianze na samli, maana bila hiyo mengine ni kujidanganya. Nanunua maziwa lita 2 kila asubuhi, nachemsha, yakipoa naengua malai na kuyatunza kwenye bakuli pamoja na kijiko cha mtindi. Baada ya siku 5 au 6 natia kwenye chupa yenye mdomo mpana na kutikisa. Siagi ikikataa kutoka, ni baridi: simamisha chupa kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, kisha endelea. Osha siagi, weka sufuriani, moto mdogo kabisa, halafu tumia masikio. Mwanzoni inalia kama mvua kwenye bati. Ikinyamaza, maji yameisha. Machicha chini yakiwa rangi ya sukari guru, epua hapo hapo na uchuje. Ukienda kupokea simu umeunguza kazi ya wiki nzima.

Chai ni rahisi zaidi, kwa kuwa majani yanatoka mlangoni: kiwanda cha Katumba kiko barabara hii hii ya Mbeya na Kyela. Twanga tangawizi mbichi, iliki 3 na pilipili manga kidogo, uchemshe kwenye maji matupu kwanza, dakika 5. Ndipo utie majani, kisha maziwa. Wengi hutupa tangawizi mbichi moja kwa moja kwenye maziwa halafu yakikatika wanamsingizia muuza maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na moto ndio unaokiua.

Chakula cha Ba cha siku ya mvua kilikuwa mchele na choroko zilizopikwa pamoja. Pwani tunakiita mseto. Mimi natumia mchele wa Kyela, vikombe 2 kwa kikombe 1 cha choroko. Usifuate muda uliozoea Pwani. Kwenye mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo nafaka huchelewa kuiva. Loweka choroko usiku kucha, zitangulize jikoni, mchele ufuate zikianza kulainika. Tia chumvi na manjano, acha chungu kirojeke kidogo. Mwisho pasha samli, tupia binzari nyembamba na kitunguu saumu, vikianza kunukia mwagia juu na ufunike. Kando weka mtindi na achari ya embe. Hicho tu.

Sasa ngozi. Baridi ya huku hupasua midomo na kuacha miguu na mba. Ba alikuwa akituogesha kwa unga wa dengu badala ya sabuni, na bibi harusi wao husingwa kwa manjano kama wetu anavyosingwa kwa singo. Chukua vijiko 2 vya unga wa dengu, manjano ncha ya kijiko, koroga na malai hadi iwe kama uji mzito. Paka, na kabla haijakauka kabisa sugua taratibu kwa maji ya uvuguvugu. Mara 1 kwa wiki inatosha. Jaribu kwanza nyuma ya sikio, usubiri hadi kesho yake.

Nasisitiza ncha ya kijiko kwa sababu mimi niliwahi kutia kijiko kizima. Jumatatu yake mama wa ndizi sokoni aliniangalia akashika kifua: "Madamu, pole, umeumwa manjano?" Wanafunzi hawakuuliza, walicheka tu.

Nimeshaulizwa pia kama inang'arisha. Haing'arishi. Anayetafuta weupe anatafuta mkorogo, na mkorogo sitauandikia mapishi. Ndimu usoni usiweke. Ukienda juani inaunguza. Manjano nunua mizizi utwange mwenyewe, kwani unga wa rangi kali kupita kiasi huenda umechanganywa na kitu.

Mafuta ya nazi ya kujipaka yakikushinda bei, parachichi lililoiva sana, lile ambalo mtoto kalikataa, lisage ujipake miguuni dakika 15 kabla ya kuoga. Na chupa ya mafuta iliyoganda usiibandike jikoni: chota kwa kijiko, weka kiganjani, sugua. Yatayeyuka yenyewe.